Sura ya Saba: Anayemuuguza Ndiye Anayejua

Kusini mwa Tanzania mambo mengi husubiri korosho. Bati la nyumba husubiri, ada husubiri, harusi na deni la dukani vivyo hivyo, na upasuaji usio wa dharura nao hupanga foleni hiyo hiyo. Mzee wa Newala au Masasi mwenye ngiri inayomsumbua tangu masika huvuta siku mpaka mnada upite na malipo ya chama cha msingi yaingie benki, ndipo akubali kwenda kulazwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilikwisha kusema kwamba mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure, na dirisha la wazee lipo hospitalini. Lakini dirisha halilipi nauli, wala halimlishi yule anayekwenda kukaa naye. Huyo wa kukaa naye ndiye ninayemwandikia sura hii.

Atampeleka Mkomaindo pale Masasi, au hospitali ya wilaya Newala, au Ndanda kwa Wabenediktini, kilometa kama 40 kutoka Masasi kwa njia ya Mtwara. Kesi nzito hufika Ligula, au hospitali ya rufaa ya kanda iliyojengwa Mitengo. Wanachopasuliwa wazee hawa kinajulikana: ngiri, tezi dume, mtoto wa jicho, nyonga iliyovunjika kwa kuanguka, na mabusha, ambayo mikoa ya Mtwara na Lindi imeyajua kwa vizazi. Kazi ya kisu mara nyingi huenda salama. Kidonda kinaanza kufunga, dokta anaridhika. Taabu inayozungumzwa hapa huanza baadaye, wodini, na aghalabu huanza usiku.

Mzee wa miaka sabini na kitu amepasuliwa tezi dume jana asubuhi. Jana jioni alizungumza vizuri, akauliza habari za nyumbani, akanywa uji. Usiku wa manane anaketi ghafla, anavuta mpira wa mkojo, anabandua plasta ya dripu, anataka kushuka. Mvua inakuja na korosho ziko nje kwenye turubai, nani atazianua? Binti yake anamwambia, "Baba, tuko hospitali," naye anamwita binti kwa jina la marehemu mkewe. Mara anaona paka darini. Alfajiri usingizi unamchukua, na asubuhi akiulizwa hakumbuki kitu, anacheka tu. Jioni yanaanza upya. Kitanda cha tatu kutoka hapo yupo mzee mwingine aliyepasuliwa siku hiyo hiyo, na huyu hasumbui mtu. Amelala tangu kulipokucha. Ukimwita anafumbua macho, anaitika, anayafumba tena. Uji umepoa kikombeni. Nesi aliyeachiwa wodi nzima peke yake anapita na kumshukuru Mungu kwamba yuko mmoja aliyetulia.

Wote wawili wana tatizo lile lile. Wodini watasema mzee anaweweseka, kwenye faili daktari ataandika deliriamu. Ni kuvurugika kwa akili kunakoanza ghafla, ndani ya saa au siku, kunakopanda na kushuka, na kinachopotea kwanza ni uwezo wa kushika jambo moja kichwani mpaka mwisho. Si uwazimu. Wala si ule ugonjwa wa kusahau wa uzeeni unaokuja taratibu kwa miaka, ingawa ni ndugu: aliyekwisha kuanza kusahau ndiye anayeweweseka kwa urahisi, na aliyeweweseka siku nyingi yumo hatarini zaidi kusahau baadaye. Yule aliyetulia mara nyingi ndiye mwenye hali mbaya, kwa sababu ukimya wake unasifiwa. Hanywi maji, hageuki, hakohoi, na siku ya nne kifua kimejaa.

Upasuaji si mgeni katika nchi hii, chini na juu ya uwanda wa Makonde. Leader Stirling, daktari mpasuaji Mwingereza, alifika Lulindi, Masasi, mwaka 1935 chini ya misheni ya UMCA, akapasua huko miaka mingi kabla ya kuhamia Mnero. Baadaye akawa mbunge, na kuanzia 1975 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Wagonjwa wetu, basi, wamelazwa kwa nusukaputi kwa karibu karne nzima. Swali la nini huupata ubongo wa mzee baada ya hapo ndilo lililochelewa, na huko Ulaya kwenyewe lilichelewa vile vile.

Aliyeliuliza kwa sauti ni daktari wa Oxford, P. D. Bedford, katika jarida la Lancet mwaka 1955. Hakuanza na mashine wala kipimo cha damu. Alianza na malalamiko ya ndugu, waliokuwa wakimwambia kwamba mzee wao hakurudi kuwa yule waliyemjua tangu apasuliwe. Akafukua mafaili ya wagonjwa zaidi ya elfu moja wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, akakuta wachache walioharibikiwa akili moja kwa moja, na wengi zaidi ambao watu wa nyumbani waliona wamepungua kidogo. Ushauri wake ulikuwa kwamba mzee asipasuliwe pasipo lazima, na dawa za kabla na baada ya upasuaji zisiwe mazoea tu ya kila mgonjwa. Ushauri huo wa pili haujapitwa na wakati.

Ilichukua zaidi ya miaka 40 kupata hesabu za kuaminika. Mwaka 1998 watafiti wa nchi kadhaa za Ulaya na Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,218 wenye miaka 60 na zaidi, waliopimwa kumbukumbu na wepesi wa kufikiri kabla ya upasuaji mkubwa na baada yake. Wiki moja baadaye asilimia 25.8 walikuwa wameshuka. Miezi mitatu baadaye walikuwa asilimia 9.9. Katika wazee wa umri huo ambao hawakupasuliwa, walioshuka ni asilimia 3.4 na 2.8. Waliokuwa hatarini zaidi ni wenye umri mkubwa, waliokaa muda mrefu kwenye usingizi, waliopasuliwa mara ya pili, waliopata maambukizi au shida ya kifua, na wenye elimu ndogo.

Hilo la elimu ndogo lisimtishe mtu wa Kitangari. Vipimo hivyo ni vya karatasi na kalamu, na aliyeshika kalamu tangu utotoni ana akiba ya kutumia hata akipungukiwa. Bibi aliyebeba kichwani nasaba za koo tatu na mafundisho yote ya unyago ana akiba yake pia, ila karatasi haiioni. Wapo waliolitambua hili hapa hapa Tanzania. Huko Hai, Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa 2013 ulikuta ugonjwa wa kusahau kwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na kuendelea, na kutokana na kazi ya huko kikatengenezwa kipimo kiitwacho IDEA, kisichohitaji kusoma wala kuandika. Mzee anaulizwa daraja ni nini, anatajiwa maneno kumi ayakumbuke, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anapanga njiti za kiberiti kwa mfano aliooneshwa. Kiberiti kipo kila nyumba. Sioni kwa nini mzee asiulizwe mambo hayo siku anapoandikiwa upasuaji, ili siku akianza kusema ya korosho na paka wa darini kuwe na kitu cha kulinganisha nacho.

Watu wengi wakisikia haya humgeukia mtaalamu wa usingizi: dawa yako imeharibu akili za baba, bora ungemchoma sindano ya mgongo. Dhana hiyo ina mantiki, na kwa miaka mingi hata madaktari waliiamini. Kisha ikapimwa. Katika utafiti wa REGAIN, uliochapishwa 2021, wagonjwa 1,600 wa Marekani na Kanada waliovunjika nyonga waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakachomwa mgongoni na nusu wakalazwa usingizi kamili. Walioweweseka ni asilimia 20.5 kwa sindano ya mgongo na 19.7 kwa usingizi. Yaani hakuna tofauti ya maana. Denmark nako walilinganisha mapacha zaidi ya 8,000, waliopasuliwa na wasiopasuliwa. Walipolinganisha pacha mmoja na mwenzake hawakuona upasuaji wenyewe ukiwaachia watu upungufu wa kudumu wa maana. Kwa hiyo anayemzuia mzazi wake asipasuliwe ngiri kwa kuogopa akili zake anakosea hesabu. Ngiri ikijinyonga hospitali itamkuta mahututi usiku wa manane, na upasuaji wa dharura ndio unaovuruga ubongo kuliko ule uliopangwa.

Kinachotokea ni hiki, kwa kadiri kinavyofahamika. Mwili uliokatwa hupiga mbiu: chembe za kinga humwaga kemikali za kuita msaada kwenye damu, na habari hiyo hufika kwenye ubongo, ambako chembe za ulinzi za huko nazo huamka. Kijana hupita kipindi hicho akijisikia mchovu tu. Kwa mzee mwenye akiba ndogo, mawasiliano ya ubongo yanakwama, hasa yale yanayotegemea kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo ndiyo hushikilia umakini na kumbukumbu mpya. Juu ya hapo ongeza usiku mbili bila usingizi, maumivu, kiu, kibofu kilichojaa, mahali pageni, watu wageni. Sababu moja peke yake pengine angeistahimili. Zinapokuja pamoja ndipo anapoona paka.

Na ndiyo maana dawa ndogo za pembeni zina kosa kubwa kuliko nusukaputi yenyewe. Prometazini anayopewa kwa kichefuchefu au kuwashwa, diazepamu anayochomwa alale, pethidini ya maumivu, atropini na haiosini, hizi zote ama hukata asetilikolini ama hufifisha ubongo kwa njia nyingine, na zote ni dawa za siku nyingi kwenye makabati ya hospitali zetu. Kijana wa ajali ya bodaboda zinamfaa. Mzee anapoanza kushuka kitandani usiku, mkono wa haraka hukimbilia diazepamu, anazimika kwa saa sita, na anapoamka amepotea zaidi. Kumfunga mikono kwa bandeji kwenye chuma cha kitanda nako hakusaidii, kunathibitisha tu hofu yake kwamba ametekwa. Dawa za kutuliza zipo kwa yule anayehatarisha maisha yake au ya wengine, kwa dozi ndogo, na daktari ajue.

Ketamini inastahili neno lake. Katika hospitali ndogo ambako umeme hukatika na mashine ya usingizi ni moja, ketamini imeokoa watu wasiohesabika, kwa sababu haizimi pumzi kirahisi wala haishushi presha. Iliwahi kudhaniwa kwamba dozi yake ndogo wakati wa upasuaji ingemkinga mzee asiweweseke. Mwaka 2017 wagonjwa 672 wenye umri wa zaidi ya miaka 60 walijaribiwa. Haikuwakinga, na waliopewa waliona maruerue na ndoto mbaya zaidi. Simlaumu anayeitumia pale asipokuwa na kingine. Ila ndugu waambiwe mapema kwamba mzee anaweza kuamka akiongea na wasioonekana, na kwamba hayo ya saa ya kwanza hupita.

Kuna jambo moja la ukanda huu ambalo vitabu vya Ulaya haviwezi kuliandika kwa ukaribu wake. Korosho inapoiva, bibo lake huiva nalo. Mabibo hukamuliwa, juisi huchacha ikawa uraka, na uraka ukipikwa na kukingwa mvuke huwa nipa. Kuanzia mwishoni mwa kiangazi hadi mvua za kwanza pombe hiyo ni nyingi na rahisi, na fedha za mnada zinapotoka, mzee anayekwenda kupasuliwa ana miezi mitatu ya kunywa kila siku. Analazwa Jumatatu. Jumanne mikono inatetemeka, jasho linamtoka, na wodi inadhani ni malaria au homa ya kidonda. Jumatano usiku anapambana na wadudu ukutani. Hii si deliriamu ya kawaida ya upasuaji. Ni ubongo uliozoea pombe ukinyimwa ghafla, na unaweza kumuua kwa degedege. Hapa sasa diazepamu, ile ile niliyoisema vibaya, ndiyo tiba, pamoja na vitamini B1. Dokta hawezi kujua kama hakuambiwa, na mzee hatamwambia nesi wa umri wa mjukuu wake, tena mbele ya shehe au katekista aliyekuja kumjulia hali. Anayejua ni yule wa nyumbani. Amfuate mtaalamu wa usingizi pembeni, kabla ya siku ya upasuaji, amwambie lini mara ya mwisho na kiasi gani. Ni aibu ya nusu dakika tu.

Maji nayo. Newala imekaa ukingoni, pale Shimo la Mungu unalitazama bonde la Ruvuma mpaka Msumbiji, na juu kwenye mchanga hakuna kijito. Mradi wa maji wa Makonde unasukuma maji kutoka mabondeni tangu enzi za mkoloni, na bado ndoo ni kitu cha kuhesabiwa. Mzee wa huku amezoea kunywa kidogo. Mwenye tezi dume anajinyima zaidi, asiamke usiku mara tano. Anafika wodini tayari amekauka, anaambiwa asile wala asinywe tangu saa mbili usiku, na zamu yake inafika saa nane mchana wa siku ya pili. Saa kumi na nane kavu. Miongozo ya kimataifa imekuwa wazi kwa miaka mingi: chakula kisimame saa sita kabla ya usingizi, lakini maji matupu anaweza kunywa mpaka saa mbili kabla, isipokuwa kama daktari ana sababu, kama vile utumbo ulioziba. Kuuliza "zamu yake ni saa ngapi, na maji aache lini?" si ubishi. Baada ya upasuaji, mara atakaporuhusiwa, vijiko vya maji kila wakati vina thamani ya dawa.

Lugha imesahaulika kuliko vyote. Nesi aliyepangiwa Newala huenda katoka Mwanza au Mbeya. Anamuuliza bibi kwa Kiswahili cha shule leo ni siku gani na hapa ni wapi. Bibi, ambaye maisha yake yote ameyaendesha kwa Kimakonde, au Kimakua, au Kiyao kama ni wa upande wa Masasi, ametoa meno ya bandia kwa ajili ya upasuaji, sikio moja halisikii, macho yana mtoto wa jicho. Anajibu kitu kisichoeleweka, au hajibu. Kwenye faili inaandikwa kwamba amechanganyikiwa. Au kinyume chake: anaitikia "ndiyo" kwa kila swali, kwa heshima, na inaandikwa kwamba yuko sawa. Alama kuu ya deliriamu ni mabadiliko ya ghafla kutoka alivyokuwa, na hakuna nesi anayeweza kujua alivyokuwa. Sharon Inouye na wenzake walipotengeneza mwaka 1990 njia ya kutambua deliriamu inayotumika duniani hadi leo, waliweka hilo kuwa sharti la kwanza, na mmoja wa wanaoulizwa ni mtu wa karibu na mgonjwa.

Inouye huyo huyo akaenda mbele. Katika hospitali ya Yale huko New Haven, Marekani, alichukua wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi kwenye wodi za kawaida, si za upasuaji. Nusu yao wakapata mambo ya kawaida kabisa: mtu wa kuwakumbusha siku na mahali, kuwatembeza, kuwapa maji, kuwavalisha miwani na vifaa vya masikio, kuwaacha walale usiku bila kuamshwa ovyo. Walioweweseka wakashuka kutoka asilimia 15 hadi 9.9. Utafiti ulichapishwa 1999 na ukawa mfano. Halafu huko Chengdu, China, katika hospitali ya West China, wakafanya jambo hilo kwa wazee 281 wa wodi za upasuaji, ila badala ya wafanyakazi pekee wakawafundisha ndugu na walezi wa kitandani wawe sehemu ya kazi. Matokeo yalitoka 2020. Walioweweseka kwa utaratibu wa kawaida ni asilimia 19.4. Kwa walioshughulikiwa pamoja na ndugu zao, asilimia 2.6. Sijui dawa, gesi wala mashine ya kusoma mawimbi ya ubongo wakati wa usingizi iliyokaribia hapo. Mashine hizo zilijaribiwa pia kwa wagonjwa zaidi ya 1,200, matokeo yakatoka 2019, na hazikupunguza deliriamu hata kidogo.

New Haven ilibidi watafute watu wa kujitolea waje kukaa na wazee wasiowajua. Hapa kwetu huyo mtu amekuja mwenyewe, na mkeka wake, chupa ya chai na kanga mbili. Amekuja kutoka Mnyambe au Lukuledi kwa nauli yake. Tunamfanya nini? Tunampigia kengele saa kumi na mbili jioni atoke nje ya geti. Hospitali zina sababu zake, nazijua: msongamano, maambukizi, wizi wa simu, watu kumi kwa mgonjwa mmoja. Lakini muda ambao mzee anaanza kupotea ni ule ule tunaomfukuza mtu pekee anayemtambua. Kadi moja ya kulala kwa mtu mmoja, kwa kila aliyepasuliwa mwenye miaka 65 na kuendelea, kwa usiku tatu za kwanza, haihitaji bajeti ya wizara. Inahitaji matroni aamue. Katika utafiti mkubwa wa upasuaji barani Afrika wa mwaka 2018, wenye wagonjwa 11,422 kutoka nchi 25, wastani wa umri ulikuwa miaka 38.5. Wodi zetu zimezoea akina mama wa kujifungua na vijana wa ajali. Mzee ni mgeni humo, na taratibu hazikuwekwa kwa kumfikiria.

Mwenye kadi hiyo afanye nini usiku? Asibishane. Mzee akisema korosho zinanyeshewa, kumwambia hakuna mvua hakumtulizi. "Baba, kaka ameshazianua. Hapa ni hospitali, umepasuliwa juzi, mimi ni mwanao, tunarudi wote Ijumaa." Kwa lugha yake, taratibu, akimshika mkono, na arudie hata mara ishirini. Miwani irudi usoni na meno mdomoni mara tu anapoamka kutoka kwenye usingizi. Asubuhi dirisha lifunguliwe, aketi, na nesi akiridhia asimame na kupiga hatua mbili siku hiyo hiyo ya pili. Maumivu yasemwe: wazee wa huku hujikaza, na maumivu yaliyofichwa yanavuruga akili kuliko panadoli inayotolewa kwa saa. Kama ghafla si yule wa jana, amwambie nesi kwa maneno hayo hayo, "huyu si yule wa jana," na asikubali kujibiwa kwamba ni uzee. Uzee hauanzi Jumanne usiku. Hapo daktari apime oksijeni kidoleni, sukari, joto, malaria, maana Mtwara malaria haijaondoka, aangalie kidonda, mkojo na kifua. Nyuma ya kuweweseka mara nyingi kuna ugonjwa mwingine unaotibika.

Kazi nyingine hufanywa kabla, na hapo ndipo ukoo unapoingia. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata kwa mama, na mjomba ana neno. Mara nyingi yeye, au kaka mkubwa mwenye simu, ndiye anayekubali upasuaji, na binti au mjukuu ndiye anayelala kwenye mkeka. Wote wawili wawepo wakati daktari anaeleza, na aeleze kwamba mzee anaweza kuweweseka siku mbili tatu, kwamba hutokea kwa wengi, na kwamba wengi hurudi. Wasipoambiwa, mjomba anafika siku ya tatu, anamkuta mzee anaongea na wafu, na uamuzi unatoka papo hapo: hii si ya hospitali. Wanasaini, wanampakia kwenye gari kwenda kwa mganga, na kidonda kilichokuwa kikitengeneza usaha ndani kinabaki bila mtu wa kukitazama. Sitawakejeli. Mtu aliyemwona baba yake akizungumza na mkewe aliyezikwa ana haki ya kutafuta maelezo, na kama hospitali haikumpa, atayapata kwingine.

Wakiruhusiwa, mambo hayajaisha. Wengi akili hurudi ndani ya siku au wiki, wachache huchukua miezi. Kwa miezi hiyo mzee asiachiwe kusaini mauzo ya shamba wala kugawa mikorosho, na namba ya siri ya benki iwe na shahidi mmoja anayeaminika, kwa sababu waliopo nyumbani si wote wanaomtakia mema. Asinyimwe shughuli, hata hivyo. Achambue korosho, asimulie, awakosoe vijana wanaopuliza salfa vibaya, atembee mpaka barazani na kurudi. Macho yaliyofunikwa na mtoto wa jicho yapelekwe kwa daktari wa macho. Ikifika miezi mitatu na bado anasahau jina la mjukuu, anarudia swali lile lile, anapotea njia ya shambani aliyoipita miaka hamsini, arudishwe hospitali akapimwe, na aende naye yule yule aliyelala kwenye mkeka.